Ruta Yako, Mtandao wa Mtoa Huduma: Mpaka Uko Wapi?

Tuanze na nyumba moja ya mfano katika kata ya Mlabani, mjini Ifakara. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, paa lake ni la bati, na uani kuna vyumba viwili vya wapangaji. Mwenye nyumba ni mwalimu. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo Bodi ya Mikopo huyapokea kwa njia ya mtandao na kwa muda maalumu. Mtoa huduma ameshafikisha kebo ya intaneti sebuleni, lakini mawimbi ya Wi-Fi ya ruta aliyoiacha fundi hayafiki chumba cha binti. Mwalimu anamwagiza ndugu yake aliyeko Dar es Salaam amtafutie ruta yenye nguvu zaidi huko Kariakoo.

Ruta inafika kwa basi baada ya siku mbili. Ina antena nne na inang'aa. Inachomekwa, taa zinawaka, jina lake linaonekana kwenye simu za nyumba nzima. Lakini intaneti hakuna. Mwalimu anampigia mtoa huduma na kujibiwa kwamba mtandao ni mzima, tatizo ni ruta yake. Anampigia muuzaji na kujibiwa kwamba ruta ni nzima, tatizo ni mtandao. Fedha zimekwenda, siku za kutuma maombi zinapungua, na hakuna anayejitwika lawama.

Nyumba hii tumeibuni, ila mkanganyiko wake ni wa kweli. Mtumiaji anayo nafasi ya kuwa na ruta yake mwenyewe, na mara nyingi hufaidika nayo: huchagua ubora anaoutaka, hupanga ulinzi wake, na huweza kuhama kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine bila kununua kila kitu upya. Hata hivyo, siku anapofunga ruta yake, sehemu ya wajibu uliokuwa wa mtoa huduma huhamia kwake. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuutambua mpaka wa wajibu huo, namna ya kununua na kufunga ruta bila kujiumiza, na hatua za kuchukua mambo yanapokwama.

Mpaka ni nini?

Watumiaji wa umeme wanaufahamu mpaka wa namna hii. Shirika la umeme huleta nguvu hadi kwenye mita. Nyaya, swichi na taa za ndani ni za mwenye nyumba. Balbu ya chumbani ikiungua, mwenye nyumba hununua balbu nyingine. Nguzo ya mtaani ikianguka, hilo ni la shirika. Intaneti ya nyumbani nayo ina mahali ambapo mtandao wa mtoa huduma huishia na mtandao wako huanzia. Mahali hapo hutegemea aina ya huduma uliyonayo.

Kwa huduma ya faiba, mpaka ni kisanduku kidogo kinachofungwa ukutani. Kazi yake ni kubadili mwanga unaosafiri ndani ya uzi wa kioo kuwa ishara za umeme zinazoweza kupita kwenye kebo ya kawaida ya mtandao. Kisanduku hiki kimesajiliwa katika mitambo ya mtoa huduma, hivyo usikiondoe wala usikibadilishe. Ruta yako hukaa nyuma yake, ikiunganishwa kwa kebo fupi. Pale ambapo kisanduku hicho chenyewe kinatoa pia Wi-Fi, mwombe mtoa huduma akizimie Wi-Fi yake au akipange kipitishe intaneti tu na kuiachia ruta yako kazi iliyobaki.

Kwa huduma inayoletwa na antena iliyofungwa juu ya paa, antena hupokea mawimbi kutoka mnarani na kuyateremsha kwa kebo hadi ndani. Njiani huwepo kifaa kidogo cha umeme chenye matundu mawili: moja hupeleka nguvu juu kwenye antena, jingine hutoa intaneti kwa ajili ya ruta. Matundu haya yanafanana sana. Ukichomeka ruta kwenye tundu linalopeleka umeme kwenye antena, unaweza kuiunguza. Soma maandishi yaliyo pembeni ya kila tundu, na kama yamefutika, muulize fundi wa mtoa huduma kabla ya kugusa chochote.

Kwa huduma ya laini ya simu, ambayo ndiyo njia rahisi kwa kaya nyingi zilizo mbali na kebo, laini huwekwa ndani ya ruta kama inavyowekwa kwenye simu. Hapa kebo haipo. Wajibu wa mtoa huduma ni mawimbi yanayofika nyumbani kwako pamoja na laini yenyewe. Ruta uliyoinunua ni yako. Laini hiyo ni lazima isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho chako cha Taifa. Usikubali kuuziwa ruta yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Piga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma kabla ya kununua

Mwalimu wetu alianza kwa kununua, akamalizia kwa kuuliza. Utaratibu ulio salama ni kinyume cha huo. Kabla ya kutoa fedha, wasiliana na mtoa huduma wako na uombe majibu ya maswali yafuatayo, ikiwezekana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Kwanza, je, mkataba unaniruhusu kutumia ruta yangu, na nikifanya hivyo nitaendelea kupata msaada wa aina gani? Wapo watoa huduma wanaoruhusu lakini hawasaidii kupanga ruta wasiyoitoa wao. Ni vyema kulijua hilo mapema.

Pili, ruta itajitambulishaje kwenye mtandao wenu? Katika baadhi ya mitandao ruta hupewa anwani yenyewe mara inapochomekwa. Katika mingine ni lazima uandike jina la mtumiaji na nywila ulivyopewa na mtoa huduma. Utaratibu huu huitwa PPPoE. Mingine hutaka pia namba maalumu iitwayo VLAN. Bila taarifa hizi, ruta ya gharama kubwa kabisa haitafungua hata ukurasa mmoja.

Tatu, je, mnasajili anwani ya MAC ya ruta? Hii ni namba ya utambulisho ya kifaa, iliyochapishwa chini yake. Pale inaposajiliwa, ruta mpya hukataliwa mpaka mtoa huduma aiandikishe kwenye mfumo wake.

Nne, ruta niliyonayo sasa ni ya nani? Ikiwa umeazimwa, uliza inapaswa kurudishwa lini na katika hali gani, na kama kuna fedha utakayotozwa ikipotea au ikiharibika. Ikiwa uliilipia, baki na ushahidi wa malipo.

Tano, kwa watumiaji wa laini: je, kifurushi hiki cha nyumbani kitafanya kazi kwenye ruta yoyote, au kimefungwa kwenye kifaa mlichonipa? Baadhi ya vifurushi huuzwa pamoja na kifaa chake, na laini ikihamishwa huacha kupokea huduma.

Sita, kasi niliyoilipia ni kiasi gani? Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Mwenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2.5 kila sekunde, hivyo faili la megabaiti 100 humchukua takribani sekunde 40 mambo yakienda sawa. Ruta mpya haiwezi kuipandisha kasi hiyo. Inachoweza kufanya ni kuifikisha vizuri zaidi katika vyumba vya nyumba yako.

Dukani: angalia matundu kabla ya antena

Antena nyingi huvutia macho, lakini kinachoamua kama ruta itakufaa ni namna inavyopokea intaneti. Kwa huduma ya faiba au ya antena ya paani, ruta inapaswa kuwa na tundu la WAN, yaani tundu la kuingizia intaneti. Kwa kawaida tundu hili hutengwa na mengine kwa rangi au kwa maandishi. Kwa huduma ya laini, ruta inapaswa kuwa na nafasi ya laini.

Hapa ndipo alipokwama mwalimu wetu. Ruta iliyotoka Kariakoo ilikuwa imetumika nje ya nchi na ilitengenezwa kupokea intaneti kupitia waya wa simu ya mezani. Tundu lake la kuingizia lilikuwa jembamba, nayo kebo ya mtoa huduma ilikuwa pana. Kwa kuwa kebo haikuingia hapo, ilichomekwa kwenye mojawapo ya matundu ya kutolea. Ndiyo maana taa ziliwaka na jina la Wi-Fi likaonekana: ruta ilikuwa ikizungumza na simu za nyumbani vizuri kabisa, lakini haikuwa na njia ya kutoka. Mtoa huduma alisema kweli kwamba mtandao ni mzima. Muuzaji naye alisema kweli kwamba ruta si mbovu. Vitu viwili vizima viliunganishwa bila kulingana.

Kwa ruta ya laini kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni kufungwa: ruta iliyouzwa na mtandao mmoja inaweza kukataa laini ya mtandao mwingine. Iombe ijaribiwe dukani kwa laini yako kabla hujalipa. La pili ni masafa. Nchi na mitandao hutofautiana katika masafa ya 4G na 5G, na ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la mbali inaweza kuyasikia baadhi ya masafa ya hapa na kutoyasikia mengine. Hata ikifanya kazi Dar es Salaam, haina maana kwamba itafanya kazi vilevile Ifakara, ambako mnara ulio karibu nawe unaweza kutumia masafa tofauti.

Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa na kuuzwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Idhini hiyo huonyesha kwamba aina ya kifaa imehakikiwa kuhusu viwango vya kiufundi, usalama na masafa kinayotumia. Muulize muuzaji kuhusu idhini, na linganisha jina la modeli lililo kwenye boksi na lile lililo chini ya ruta. Majina hayo yakitofautiana, acha kununua.

Hakikisha pia kwamba adapta ya umeme ni yake. Volti zilizoandikwa kwenye adapta zilingane na zile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea za adapta zisipungue zile ruta inazohitaji. Mwisho, dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, pamoja na maelezo ya waranti. Bila risiti, malalamiko yako kwa muuzaji hayana mahali pa kusimama.

Siku ya kufunga

Chagua siku ambayo hakuna mtu nyumbani mwenye jambo la haraka mtandaoni. Kisha fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Piga picha ya ruta ya zamani na kebo zake zote kabla ya kuchomoa chochote. Picha hiyo itakusaidia kurudisha kila kitu mahali pake.

2. Zima umeme wa ruta ya zamani, chomoa kebo inayotoka kwenye kisanduku cha faiba au kifaa cha antena, na uichomeke kwenye tundu la WAN la ruta mpya. Kwa ruta ya laini, weka laini ruta ikiwa imezimwa.

3. Washa ruta mpya na usubiri kama dakika tatu.

4. Unganisha simu au kompyuta yako kwa kutumia jina la Wi-Fi na nywila zilizochapishwa chini ya ruta.

5. Fungua kivinjari na uandike anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, anwani sahihi huandikwa chini ya ruta.

6. Andika taarifa ulizopewa na mtoa huduma kuhusu namna ya kujitambulisha. Zingatia herufi kubwa na ndogo. Kosa la herufi moja linatosha kukufungia nje.

7. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, kisha badilisha jina na nywila ya Wi-Fi. Hizi ni nywila mbili tofauti, nasi tutaeleza umuhimu wake hapa chini.

8. Ruhusu ruta isasishe programu yake ya ndani, kama sasisho lipo. Usiizime wakati kazi hiyo ikiendelea.

Ikiwa intaneti haikupatikana baada ya dakika kumi na tano za kujaribu, rudisha ruta ya zamani kama ilivyo kwenye picha yako. Usiirejeshe kwa mtoa huduma, wala usimgawie jirani, mpaka ruta mpya iwe imefanya kazi bila tatizo kwa wiki moja au mbili. Ruta ya zamani ni akiba yako, na kama tutakavyoona, ndiyo shahidi wako.

Mahali pa kuiweka

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, na mawimbi hudhoofika kila yanapopita kwenye kitu kizito. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma hupunguza nguvu yake sana. Kabati la chuma, friji na bati huzuia zaidi. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni pembeni mwa nyumba hupoteza nusu ya kazi yake kwa kuangaza nje. Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi, usawa wa kichwa cha mtu mzima au zaidi.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili. Lile la gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo na hugombaniwa na ruta za majirani. Lile la gigahezi 5 lina kasi kubwa, ila huchoka haraka linapokutana na kuta. Kwa hiyo tumia gigahezi 5 katika chumba chenye ruta, na gigahezi 2.4 katika vyumba vya mbali. Kama chumba cha uani bado hakipati, kuvuta kebo ya mtandao hadi huko na kuweka ruta ya pili huleta matokeo ya uhakika kuliko kununua ruta moja yenye antena nyingi. Kebo ya kawaida ya mtandao huweza kufika mita 100, umbali unaotosha ua wowote wa kawaida.

Kwa wakazi wa bonde la Kilombero, kimo cha ruta kina maana nyingine pia. Wakati wa masika, Mto Lumemo unapofurika, maji huingia katika baadhi ya makazi ya mji wa Ifakara. Usiweke ruta, adapta wala ekstensheni sakafuni. Radi inapoanza, chomoa umeme pamoja na kebo inayotoka nje, hasa ile iteremkayo kutoka kwenye antena ya paa, kwa kuwa radi hupita njia zote mbili. Umeme unaporudi baada ya kukatika, subiri dakika chache utulie ndipo uichomeke ruta tena.

Nywila ni mlango wa nyumba

Nywila ya Wi-Fi huzuia wageni kuingia kwenye mtandao wako. Nywila ya mipangilio huzuia yeyote aliyekwisha kuingia asibadilishe vitasa. Ruta nyingi hutoka kiwandani na nywila za mipangilio zinazojulikana duniani kote, na mtu aliye ndani ya Wi-Fi yako anaweza kuzijaribu akafanikiwa kwa sekunde chache. Akishafanikiwa, anaweza kukufungia nje, au kuwaelekeza watu wa nyumbani kwako kwenye kurasa bandia zinazofanana na zile wanazozitumia.

Katika sehemu ya ulinzi chagua WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. Tumia nywila ndefu, yenye maneno kadhaa yasiyohusiana, badala ya namba yako ya simu au jina la mtoto. Zima kitufe cha kuunganisha bila nywila kiitwacho WPS, na uzime ruhusa ya kufungua mipangilio ukiwa nje ya nyumba kama huihitaji. Kwa wageni na wapangaji, fungua Wi-Fi ya wageni yenye nywila yake. Watapata intaneti bila kuvifikia vifaa vyenu.

Kumbuka kwamba muunganisho umeandikishwa kwa jina lako. Kosa likitendwa kupitia kwao chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi huanzia kwa mwenye muunganisho, naye ndiye atakayeulizwa kwanza. Kujua nani anatumia Wi-Fi yako ni kujilinda.

Kuhusu wapangaji, tunatoa tahadhari moja. Kuishi pamoja na kutumia Wi-Fi moja ni jambo la kawaida. Lakini kuuza intaneti kwa majirani kwa malipo ni biashara ya huduma za mawasiliano. Biashara hiyo inahitaji leseni, na mikataba mingi ya nyumbani huikataza. Wasiliana na Mamlaka kabla ya kuianza.

Vilevile, mtu akikupigia akijitambulisha kuwa fundi wa mtoa huduma na kukuomba nywila au namba ya siri ya fedha, mkatie simu, na utume namba aliyoitumia kwenda 15040.

Intaneti ikikatika: pima mpakani

Anayetumia ruta yake anapaswa kuweza kujibu swali moja: kasoro iko upande gani wa mpaka? Vipimo vitatu vinatosha.

Kwanza, angalia yaliyo karibu. Je, umeme upo? Kifurushi hakijaisha? Kebo haijalegea? Zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe tena.

Pili, ondoa ruta yako kwenye njia. Rudisha ruta ya mtoa huduma, ile tuliyokusihi uitunze. Kama intaneti inarudi, kasoro iko upande wako. Kama hairudi, kasoro iko upande wa mtoa huduma, na hapo hawezi tena kukuambia kwamba ni ruta yako. Mtumiaji wa laini anaweza kuiweka laini kwenye simu inayokubali 4G, mradi kifurushi hakijafungwa kwenye kifaa. Tatizo likiwa ni kasi, pima kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo, kisha pima tena kwa Wi-Fi. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya kwa Wi-Fi, tatizo ni kuta au mahali ulipoiweka ruta.

Tatu, uliza wengine. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam, zinakoingilia kebo za chini ya bahari, ni mwendo wa takribani kilomita 400, na kutoka hapo safari huendelea baharini. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika kebo za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kubadilisha mipangilio ya ruta ni kujitafutia tatizo la pili. Kama jirani mwenye mtoa huduma mwingine naye analalamika, acha ruta yako ilivyo.

Unapotaka kulalamika

Andika tarehe, saa, rangi ya taa zilizowaka na matokeo ya vipimo vyako. Peleka taarifa kwa mtoa huduma kwanza, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Namba hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ulifika na siku uliyofika.

Kama hukuridhika na majibu, au hukujibiwa, leta lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 2003. Ambatisha namba ya kumbukumbu, nakala ya mkataba na maelezo ya vipimo. Sheria hiyohiyo ilianzisha pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimamia maslahi yako kama mtumiaji.

Ni haki tuseme pia tusiloweza. Hatuwezi kumlazimisha mtoa huduma akutengenezee ruta uliyoinunua kwingine. Kasoro ya kifaa inamhusu muuzaji, na ndiyo sababu ya kusisitiza risiti. Muuzaji akikataa wajibu wake au akikuuzia bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji katika biashara ya bidhaa.

Turudi Mlabani kwa mara ya mwisho. Mwalimu alirudisha ruta ya fundi mahali pake kwa kutazama picha aliyoipiga, na intaneti ikarudi jioni ileile. Kwa kuwa mawimbi bado hayakufika chumbani, binti alihamia sebuleni na kukamilisha maombi yake ndani ya muda. Wiki iliyofuata mwalimu alimuuliza mtoa huduma maswali yake sita, akapata majibu kwa ujumbe wa simu, na akaenda nayo dukani. Safari hii alitazama matundu kwanza, ndipo akahesabu antena.